Bibi Yako Amekataa Chakula Changu

Atija mwanangu,

Begi lako liko wazi kitandani na nusu ya nguo zako bado ziko kwenye kamba. Nimesimama mlangoni nikalitazama begi hilo, nikajua kabisa unachowaza. Mtu aliyeamua kusafiri hapangi nguo hivyo. Na jana nilikusikia barazani ukimwambia baba yako, "Labda nsubiri bibi apate nguvu kwanza, baba. Chuo hakikimbii, Instituto ipo." Baba yako akakohoa, kama anavyofanya akiogopa kusema ndiyo na akiogopa kusema hapana. Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa na mpango wangu.

Leo umekwenda Diaca kumuaga shangazi yako, na ukirudi jioni utaikuta barua hii juu ya hilo begi. Naiandika asubuhi, chungu cha umeme kimeshawashwa, na sijui itaishaje. Mwisho wake hauko mikononi mwangu, uko mdomoni mwa bibi yako.

Usitafute humu maagizo. Sitakuambia ufunge mlango, uswali, uchague marafiki, usilale na nywele mbichi. Hayo ulishayasikia mpaka masikio yakaota sugu. Na habari za jikoni ndiyo kabisa, mimi ni nani hata nikufundishe? Mtaa mzima wa Milamba unajua kwamba mke wa Bakari hajui kupika. Wengine wananisalimu sokoni na kuuliza hali ya mapishi kabla ya kuuliza hali ya watoto.

Unajua nusu ya kisa hicho, ngoja nikupe kilichobaki. Mimi nililelewa kwenye internato, bwenini Montepuez, tangu nikiwa mdogo kuliko Ancha mdogo wako alivyo sasa. Kengele ikilia tunakwenda na sahani, tunapakuliwa, tunakula, tunarudi darasani. Nilijua kuandika cheti cha kuzaliwa kwa hati nzuri kabla sijajua wali unawekewa maji kiasi gani. Nilipoolewa na baba yako, siku ya kwanza ya kuingia jikoni, bibi yako akanipa mchele, nazi na samaki, akakaa kwenye kibao kunitazama. Wali ulitoka umegawanyika tabaka tatu: chini umeungua, katikati bokoboko, juu mbichi. Bibi yako akaonja, akatafuna polepole, akasema, "Nkamwana, umetupikia vyakula vitatu. Mungu akuzidishie." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikacheka nao, halafu nikaenda chooni nikalia.

Kosa langu lilianzia hapo, na si lile la wali. Niliogopa kuchekwa mara ya pili, kwa hiyo sikujaribu tena. Nilijificha nyuma ya kazi. Niko ofisini, nimechelewa, kuna watu foleni. Bibi yako akapika, akapika, mpaka mgongo ukamgomea, na siku ulipoinua mwiko wewe, mtoto mwenye mikono myembamba vile, wote tukashukuru Mungu. Ulikuwa na mkono wa bibi yako. Kila mtu aliliona hilo, na hakuna aliyeuliza kama ulitaka kuwa nao.

Halafu ikaja miaka ya vita tukaacha Mocímboa, tukakimbilia mjini Pemba, tukajazana kwenye nyumba ya mjomba wako, watu wa kula hawahesabiki na mafiga ni yaleyale matatu. Wewe ndiye uliyetulisha. Nakukumbuka macho mekundu kwa moshi, unagawa mbaazi kwa kijiko ili kila mtu apate, na ukiona hazitoshi unasema umeshaonja sana, umeshiba. Nilijua hukushiba. Nilikupenda siku zile mpaka ikaniuma kifuani, na sikujua nikuonyesheje, kwa sababu kwetu mtu anayependa hupika, na mimi nilikuwa napenda bila kupika.

Chungu hiki nilikipata hukohuko. Dona Graça, yule mama wa Inhambane niliyekuwa nakaa naye meza moja ofisini, alihamishwa kurudi kwao. Akanikabidhi kikiwa ndani ya boksi lake. "Mana Zainabo," akaniambia, "é para quem não tem tempo, chungu cha wasio na muda. Asubuhi unatia kila kitu, jioni unakula. Só uma coisa: não abre a tampa. Confia." Sharti moja tu, nisifungue mfuniko, niamini. Wewe ulikitazama ukacheka, ukasema hicho ni ndoo ya kuchemshia maji ya kuoga. Kikapanda juu ya kabati, tukarudi nacho Mocímboa, kikapanda juu ya kabati jingine.

Nilikiteremsha baada ya jina lako kutoka mara hii ya pili kwenye orodha ya chuo cha Nampula. Mwaka jana lilipotoka, bibi yako alikuwa hoi kwa malaria, anafumba mdomo akiona kijiko kisichoshikwa na wewe. Ukabaki. Hukulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniumiza, afadhali ungevunja sahani. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Mwaka huu imerudi, ufundi wa majokofu na vyumba vya barafu, kitu ulichokitaka tangu siku zile ulipokuwa ukiona samaki wanaozea bandarini kwa kukosa barafu. Nafasi ya tatu siitegemei, mwanangu. Kwa hiyo nilijiapia kwamba kabla hujaondoka bibi yako atakula chakula cha mkono wangu, ashibe, na wewe uone.

Ulidhani nachezea chungu. Nilikuwa nakupigania.

Sasa cheka. Siku ya kwanza nilitia kunde, asubuhi kabla ya kwenda kazini. Dona Graça alisema nisifungue, nami nilimwelewa vizuri kwa Kireno, nikamsahau kwa Kiswahili. Maana kwetu mtu akiingia jikoni kwako asifunue chungu, ama amekununia, ama anadhani huna kitu. Aliingia Sauda wa nyumba ya pili, "Hodi! Leo mna nini humu?" akafunua. Akaja Ancha kutoka shule, akafunua. Baba yako, akafunua na kunusa. Bibi yako ndiyo usiseme. Chungu kinachopika husema, ndivyo alivyozoea, kinatokota, kinarusha mfuniko, kinaita watu. Hiki kimya. Kila akipita alikifunua kuhakikisha kama kipo hai. "Chungu hiki kimenuna," akasema. Niliporudi jioni kunde zilikuwa vuguvugu na ngumu kama changarawe. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Neno labda, lakini kunde ziliharibika.

Siku nyingine nikatia samaki na tui palepale asubuhi, kwa sababu si nimeambiwa nitie kila kitu? Wewe ulikuwepo, uliona tui lilivyokatika, mafuta juu, maji chini, vipande vyeupe vinaelea katikati. Ulikitazama, ukanitazama, ukasema kwa upole, "Mama, tui la kwanza huingia mwisho." Mtoto wa kike wa miaka saba analijua hilo. Mimi nimelijua nikiwa na mvi.

Na yale maharage mekundu, ambayo kumbe sharti uyachemshe kwanza kwa moto mkali ndipo uyatie kwenye chungu cha taratibu. Tulipokezana choo nyumba nzima. Baba yako, Mungu ampe umri, aliwaambia majirani ni upepo wa bahari. Bibi yako peke yake alilala salama, kwa sababu hakugusa. Aliniangalia asubuhi yake kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi.

Lakini nimejifunza, Atija. Nimejifunza maji nisiyatie kwa mazoea ya mkaa, maana humu hayaendi popote. Nimejifunza umeme ukikatika nikifunike chungu kwa blanketi na nisikiguse. Na nimeandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi: USIFUNUE. Nimekiweka juu ya mfuniko, na bado Sauda amekiinua ili asome vizuri.

Hilo la kutofunua ndilo lililonitesa kuliko yote, na ndilo pekee ninaloweza kusema limenibadilisha. Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Ofisini nasoma cheti mara tatu kabla sijagonga muhuri. Nyumbani nilikuwa nikikuuliza umekula, umelala, umefika, mbona umechelewa. Nilidhani ndiyo mapenzi. Sasa nimekaa wiki hizi nikikitazama chungu ambacho kila nikikijali kinapoa, nikaelewa kidogo. Ukifika Nampula sitakupigia simu kila saa. Nitataka, lakini nitajizuia. Wewe utapiga ukipata nafasi, na usipopiga nitajua unasoma, au unacheka na wenzako, na yote mawili nayataka.

Leo ni pweza. Nilimnunua jana bandarini kwa mama mmoja aliyemtoa mwambani mwenyewe, nikampiga, nikamwosha kwa chumvi. Bibi yako anapenda pweza kuliko nyama yoyote, ila tangu meno yamemwisha anamtazama tu kwenye sahani za wenzake. Nimemtia na kitunguu, nyanya, bizari na ndimu, bila tone la maji. Tui ninalo kwenye bakuli, linasubiri zamu yake. Harufu bado haijatoka. Ngoja niende nikakune nazi nyingine, hii moja naona imenisaliti.

*

Adhuhuri imeshaadhiniwa. Naendelea hapa kwenye mkeka, karatasi iko gotini, nisamehe herufi.

Sauda alikuja. Nilikuwa uani, nikasikia "Hodi" yake, nikasikia viatu vyake vinaelekea jikoni, nikajua mambo yameharibika. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti ya bibi yako kutoka kitandani kwake, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue: "Wee Sauda! Wacha chungu hicho! Kinapika!"

Sauda akaganda mkono hewani. Akanitazama, nikamtazama, akaondoka bila hata kuomba chumvi aliyoifuata.

Nikaingia chumbani. Bibi yako alikuwa amegeukia dirishani kana kwamba hakusema kitu. Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikaanza kuikanda kama unavyomfanyia wewe. Nikamuuliza kitu ambacho kwa miaka yote hii sikuwahi kuthubutu.

"Mama, kwa nini huli chakula changu? Kibaya kiasi hicho?"

"Kibaya," akasema. Hakusita hata kidogo, mama yule. "Lakini nshakula vibaya kuliko hicho. Tulivyokuwa porini, siku zile za kukimbia, nlitafuna mhogo na udongo wake. Nkafa?"

"Hukufa, mama."

"Basi."

Nikaendelea kukanda. Nilidhani yameisha hapo. Halafu akasema, taratibu, bila kunitazama: "Nikila chako, ntoto ataondoka."

Nilisimamisha mikono. Yeye akaendelea, maneno yalikuwa yamekaa tayari muda mrefu. "Akiona nakula kwa nkono wako atajua sina shida naye tena. Atachukua begi. Wewe hujawahi kulea ntu akakuacha, nkamwana. Mimi nimelea. Wawili wako chini ya ardhi, mmoja sijui alipo tangu vita, wa Diaca kaolewa huko, na nliyebaki naye ni huyo wako wa kukohoa barazani. Atija ndo ananipa tonge. Nikishiba kwako, nani ataniuliza kama nshakula?"

 Nilitaka kumwambia, "Mimi nitakuuliza, mama," lakini ningeonekana mwongo, maana miaka yote mimi nilikuwa ofisini. Nilichokifanya ni kumwambia ukweli. Nikamwambia, "Mama, hata mimi nilifurahi mwaka jana alipobaki. Nililia mbele yake nikasema pole, lakini moyoni nilifurahi. Nyumba ilikuwa inanukia chakula nikirudi."

Akageuka akanitazama. Mara ya kwanza labda tangu ule wali wa tabaka tatu bibi yako alinitazama bila kunipima.

"Basi wote wawili wezi," akasema.

"Wote wawili, mama."

Tukacheka, mwanangu. Tulicheka mpaka Ancha akaja kuchungulia. Lakini hakusema kwamba atakula. Nami sikumwomba. Nimetoka, nimekuja kuandika. Harufu imeanza kutoka sasa, nzuri, sikutegemea. Baba yako amekaa nje na mkaa wake, anapika wali. Amesema wali hauingii kwenye mashine hata kwa mtutu wa bunduki. Ameupalia makaa juu ya mfuniko na anaulinda kama mwanajeshi.

Nikuambie na hili kabla sijasahau. Chungu hiki hakiendi nawe, kama ulifikiri nitakufungia. Ni changu, nimekilipia kwa aibu. Wewe kokote utakakokuwa utapika, hata kwenye kopo. Na kama hutaki kupika, usipike. Kula mkate na chai, kula kwa mama ntilie wa mlango wa chuo, ungua wali, uache sufuria isafishwe kesho. Umeshapika kwa umri wa watu wawili. Nitafurahi nikisikia siku moja kwamba Atija ana njaa na hajui pa kuanzia, kwa sababu alikuwa amezama kwenye kitabu chake cha mitambo akasahau saa.

Naenda kutia tui. Niombee, ijapokuwa ukisoma hili itakuwa imeshapita.

*

Tumekula.

Nilipakua kwenye sinia, tukamtoa bibi yako na kigoda chake mpaka barazani, baba yako akanawisha watu mikono. Pweza alikatika kwa vidole. Tui halikukatika. Nilikuwa nimelitia kidogokidogo, pumzi nimeibana, nikakoroga upande mmoja tu kama ulivyonionyesha. Baba yako akaonja akasema "Aaa!" kwa sauti ambayo sijaisikia kwa ajili yangu tangu tulipokuwa wachumba. Ancha akanyamaza kimya, na unajua Ancha akinyamaza ujue mdomo umejaa.

Bibi yako alikaa tu. Alilitazama sinia. Mkono wake ulikuwa mapajani, umekwishanawishwa, na maji yanakauka juu ya ngozi. Sote tukajifanya hatuoni. Baba yako akaanza kuzungumzia mambo ya bandarini, meli ya saruji iliyochelewa, maneno yasiyo na kichwa wala miguu.  Niliona chumba chako, niliona mwaka mwingine unapita.

Kisha mkono wake ukatoka mapajani. Akamega tonge dogo la wali, akalichovya, akachukua na kipande cha pweza, akatia mdomoni. Akatafuna kwa ufizi, macho yamefumbwa.  Akamega la pili.

Alikula kama mtu aliyepewa kazi na ameikubali. Hakuwa na furaha, sitakudanganya. Katikati ya kula machozi yalimtoka, akayapangusa kwa ukingo wa kanga na kuendelea. Baba yako aliacha hadithi ya saruji. Upande wa bibi yako ulipobaki mweupe, akasukuma sinia kwa kidole, akaniashiria nimwongeze. Nikamwongeza. Akala na hicho.

Alipomaliza akanawa, akasema, "Nazi umeitia kwa uoga. Chumvi hujui bado." Akapumzika kidogo. "Kesho utapika nini?"

Nikamwambia mbaazi, mama, Mungu akipenda.

"Ntakufundisha," akasema. "Ntakaa hapo jikoni. Hakuna ntu atafunua."

Tukamrudisha kitandani. Nilikuwa nimeshageuka niondoke aliponishika kanga, akanivuta mpaka sikio langu likafika karibu na mdomo wake. Alichoniambia ni maneno machache, na ameniapisha niyafikishe kama yalivyo, nisiongeze na nisipunguze, kwa sababu yeye mwenyewe ukirudi jioni atajifanya amelala.

"Mwambie nimekula."

Basi nimekuambia. Nenda, mwanangu. Bibi yako amekula.

Mama yako,
Zainabo